Uvimbe Umeonekana, Lakini Je, Ndio Unaouma?

Karatasi ya majibu ya ultrasaundi huwa nusu ukurasa. Imeandikwa Kiingereza, ina muhuri, na katikati ya maneno mna namba mbili zilizotenganishwa na alama ya kuzidisha: 3.1 × 2.8. Mwanamke anayetoka nayo kwenye kituo cha vipimo hapa Mwanga, Kigoma mjini, haelewi maneno yale. Namba anaziona, na jambo moja ameambiwa kwa mdomo akiwa bado anajifuta jeli tumboni: "Mama, una uvimbe kwenye kizazi." Mpaka anafika nyumbani habari imeshageuka. Kwa shangazi yake ni kansa. Kwa wifi yake ndiyo sababu ya miaka minne kupita bila mimba ya pili. Kwa jirani anayeuza dawa za kusafisha kizazi, ni mteja.

Kilichosahaulika ni shida iliyompeleka pale. Alikwenda kwa sababu tumbo linajaa gesi na kunguruma, linamkata upande wa kushoto chini ya kitovu, na akishapata choo linapoa. Siku mbili tatu anapata choo kigumu kama cha mbuzi, siku ya nne anakimbilia msalani mara tatu kabla hajanywa chai. Mwaka wa tatu sasa. Ameshatibiwa taifodi, ameshatibiwa UTI, ameshapewa dozi ya PID, yaani maambukizi ya via vya uzazi, yeye na mumewe, na bibi yake tangu mwanzo alisema ni chango. Hakuna hata moja katika dalili hizo linalohitaji uvimbe wa sentimita tatu ili kuelezeka. Hiyo ni habari ya utumbo, tena ina jina kitabuni, ila mashine ya ultrasaundi haiwezi kuipiga picha.

Ninachokilalamikia ni hicho: kipimo kimetangulia maswali. Zamani tulilia kwamba vipimo havipo. Leo, angalau mjini, vipo, na bei yake inavumilika kwa mtu aliyeuza dagaa wake vizuri, na kwa hiyo chochote kitakachoonekana kwenye kioo kinabebeshwa maumivu yote ya mwili. Kisichoonekana hakina mtetezi.

Tuanze na huo uvimbe wenyewe. Jina lake ni faibroidi, nyama inayoota kutokana na msuli wa kizazi. Inalishwa na homoni za kike, ndiyo maana haiwapati wasichana ambao hawajavunja ungo, na kwa kawaida hunywea hedhi ikishakoma. Si kansa. Kansa ya msuli wa kizazi ipo lakini ni adimu, na wataalamu wengi wanaamini huanza kivyake, si kwa faibroidi kugeuka. Kuhusu wingi wake, kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliowapima kwa ultrasaundi wanawake wa jiji la Washington, Marekani, wakiwamo wengi ambao hawakuwa na malalamiko yoyote. Watafiti walikadiria kwamba wakifika miaka 50, zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi wanakuwa wameota angalau uvimbe mmoja, na kwa wazungu karibu asilimia 70. Hizo ni takwimu za kule, si za Ujiji wala Kasulu. Lakini yeyote anayefanya kazi ya ultrasaundi hapa kwetu atakwambia haoni ajabu akikutana na uvimbe kwa mama wa miaka arobaini na tano aliyekuja kupimwa figo.

Sasa fikiri maana yake. Kama wanawake wengi wa umri huo wana uvimbe, basi ukichukua mwanamke yeyote mwenye ugonjwa wowote wa tumbo ukampima, uwezekano wa kukuta uvimbe ni mkubwa hata kama hauhusiki kabisa. Kuukuta ni jambo moja, kuthibitisha kwamba ndio unaoumiza ni jambo jingine, na hilo la pili halifanywi na mashine. Linafanywa na mtu anayeuliza.

Na kuna mahali pa kuulizia. Uvimbe hautishi kwa ukubwa wake tu, unatisha kwa mahali ulipokaa. Ulioota chini ya utando wa ndani wa kizazi, hata ukiwa wa sentimita mbili, unaweza kumwaga damu ya kutisha kila mwezi na kuzuia mimba isishike. Ulioota nje, ukining'inia kuelekea tumboni, unaweza kufikia ukubwa wa mimba ya miezi minne, mwenyewe akalalamika tu kwamba nguo hazimtoshi na anakwenda haja ndogo kila saa. Ulio ndani ya ukuta uko kati ya hao wawili. Kwa hiyo karatasi isiyosema uvimbe uko upande gani imeacha nusu ya habari, na nimeona za namna hiyo nyingi mno.

Ule ugonjwa wa utumbo madaktari huuita IBS. Ukifungua utumbo hukuti kidonda wala uvimbe, kwa macho uko salama. Kinachokosea ni mwendo wake na namna neva zake zinavyopeleka taarifa kwenye ubongo: gesi ambayo mwenzako haisikii, wewe inakukata. Vigezo vinavyotumika duniani vilitengenezwa upya mwaka 2016, vinajulikana kwa jina la jiji la Roma, na havihitaji mashine. Maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu, dalili zikiwa zimeanza si chini ya miezi sita iliyopita, na mawili kati ya haya: maumivu yanahusiana na kwenda choo, idadi ya safari za chooni imebadilika, au choo chenyewe kimebadilika sura. Basi. Muuguzi wa zahanati ya kijiji anaweza kuuliza hayo kwa dakika tano. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume, na si wachache waliouanza baada ya kuharisha vibaya: takriban mtu mmoja kati ya kumi waliopata maambukizi makali ya tumbo hubaki na utumbo wa namna hii. Mji wetu umeijua kipindupindu kwa muda mrefu, na kuhara kwa watu wazima hakuhesabiwi hata kuwa habari, kwa hiyo mbegu ipo.

Utafiti unaonikera kila ninapoukumbuka ni wa Longstreth na Yao wa California, wa mwaka 2004. Walichukua taarifa za watu zaidi ya 89,000 waliokwenda kupimwa afya wakaangalia nani amewahi kupasuliwa nini. Wenye IBS walikuwa wametolewa nyongo mara tatu zaidi ya wengine, wametolewa kidole tumbo mara mbili zaidi, na wanawake wao walikuwa wametolewa kizazi mara mbili zaidi. Haya yametokea kwenye nchi yenye vipimo vya kila aina. Tafsiri moja inayokubalika ni kwamba wengi wa hao walikuwa wakilalamikia utumbo, wakatolewa kiungo cha jirani. Tumbo ni dogo, kizazi na utumbo mpana vimebanana, na neva zao zinaingilia uti wa mgongo karibu karibu, kwa hiyo mgonjwa mwenyewe hawezi kunyoosha kidole akasema ni hiki si kile.

Hapa kwetu kutolewa kizazi si operesheni ya tumbo tu. Ni talaka kwa wengine. Ni mke mwenza kwa wengine. Mkoa huu mwanamke anahesabiwa kwa watoto, na anayerudi kutoka Mwanza akiwa hana kizazi ataulizwa maswali ambayo aliyetolewa kidole tumbo hataulizwa kamwe. Ukimfanyia hivyo kwa uvimbe unaomwaga damu, umemwokoa. Ukimfanyia hivyo kisha mwezi wa tatu tumbo likarudi kukata na kunguruma palepale, sijui utamwambia nini.

Kuna kanuni ya mitaani inayosema maumivu yakifuata mwezi ni ya kizazi, yasipofuata ni ya tumbo. Ingekuwa rahisi hivyo nisingeandika. Siku za hedhi kizazi hutoa kemikali za kukifanya kijikaze, na kemikali hizohizo huugusa utumbo ulio jirani, ndiyo maana wanawake wengi wazima kabisa hupata choo chepesi siku ya kwanza ya damu. Mwenye IBS anaumia mara mbili siku hizo. Wiki inayotangulia, homoni nyingine inapunguza mwendo wa utumbo, choo kinakuwa kigumu na tumbo linavimba. Upande wa pili, uvimbe mkubwa ulioegemea nyuma unaweza kubana njia ya choo na kuleta ugumu unaofanana kabisa na IBS. Halafu wapo wenye vyote viwili, na hao si wachache.

Njia ya kutenganisha ni ya kizamani: daftari. La msusi wa Kibirizi linafaa sawa na la mwalimu. Miezi miwili, kila siku mstari mmoja: damu ipo au haipo, nyingi au kidogo, choo kigumu, cha kawaida au maji, maumivu yako wapi, na yalipoa baada ya nini. Maumivu yanayopoa kila ukitoka chooni yanaelekeza kwenye utumbo. Uzito wa kudumu chini ya kitovu, kukojoa mara kwa mara na damu inayoongezeka mwaka hadi mwaka vinaelekeza kwenye kizazi. Daktari akilipata daftari hilo pamoja na ile karatasi ya Kiingereza, hapo ndipo karatasi inaanza kuwa na kazi.

Nisieleweke kwamba nadharau faibroidi. Kuna mwanamke wa aina nyingine kabisa ambaye mfumo huuhuu unamkosea kinyume chake. Huyu hajalalamika. Damu yake imekuwa nyingi tangu alipomwachisha mtoto wa tatu, anatandika khanga juu ya mkeka usiku, anaamka mara mbili kubadilisha, na siku ya pili hatoki kwenda sokoni. Mama yake alikuwa hivyohivyo, kwa hiyo anajua ni maumbile. Anaona kizunguzungu akipandisha mlima na ndoo. Na ana uchu wa udongo. Ule udongo wa kutafuna unaouzwa sokoni kwa mafungu, ambao tunacheka kwamba ni wa wajawazito, ni dalili inayojulikana ya upungufu wa madini ya chuma, na ubaya wake ni kwamba unaweza kuzuia chuma cha kwenye chakula kisiingie mwilini na pia kufunga choo. Kwa hiyo anapofika kituoni hatimaye, anafika akilalamika kwamba hapati choo! Anapewa dawa ya kulainisha, anarudi nyumbani na damu yake.

Huyo angeulizwa maswali matatu tu. Hedhi inazidi siku saba? Unabadilisha kila saa moja au mbili? Yanatoka mabonge yanayozidi sentimita mbili na nusu? Jibu likiwa ndiyo, achomwe kidole apimwe damu hapohapo. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu, na kuna wanaotembea na 6 wakauza migebuka siku nzima. Huyu ndiye ultrasaundi ilitengenezewa. Kisha matibabu si kisu peke yake. Kuna vidonge vya traneksamiki vya kupunguza damu siku za hedhi, ambavyo hospitali kubwa wanavijua kwa sababu dawa hiyo hutumika pia kwa wanaovuja damu baada ya kujifungua. Kuna ibuprofeni. Kuna kitanzi chenye homoni, ambacho ni kinyume cha kile cha shaba: cha shaba kinaweza kumzidishia damu mwenye uvimbe, na si kila mtoa huduma anauliza kabla ya kukiweka. Vidonge vya chuma vinahitajika kwa miezi, si kwa wiki mbili, na aambiwe mapema kwamba vinafanya choo kiwe cheusi na kigumu, la sivyo ataviacha akidhani vimemletea ugonjwa mpya.

Hapohapo niseme jambo kuhusu sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, kwa sababu kwenye pwani yote ya ziwa inalaumiwa kwa kuleta uvimbe. Tafiti za Thailand na Marekani zimekuta kinyume: waliotumia sindano hiyo walikuwa na faibroidi chache kuliko wasioitumia. Inavuruga mpangilio wa hedhi, hilo ni kweli na linaudhi, lakini si mama wa uvimbe. Vilevile usemi kwamba kizazi kisichozaa hujaza nyama una chembe ya ukweli, maana waliozaa wana faibroidi chache, ila mshale unaweza kuelekea upande mwingine: pengine hakuzaa kwa sababu ya uvimbe. Kumsuta nao msibani ni ukatili tu.

Kabla ya kumwambia mtu ana IBS, Kigoma ina deni moja ambalo vitabu vya Ulaya havina. Kichocho cha tumbo. Ziwa Tanganyika linacho kwenye fukwe zake nyingi, na mwanamke anayefua, anayeosha dagaa na kuchota maji anaingiza miguu majini kila siku. Kinaleta maumivu ya tumbo, kuharisha kwa vipindi, wakati mwingine damu kwenye choo, na kikikaa miaka kinaharibu ini. Kinapimwa kwenye choo, na dawa yake, prazikwanteli, ni ya kumeza. Kampeni za kumezesha dawa zimelenga zaidi watoto wa shule, mama zao wamebaki pembeni. Kwa mkazi wa Katonga au Kalalangabo, kipimo cha choo kinapaswa kutangulia ultrasaundi, na ni cha bei nafuu zaidi.

Dawa za kuyeyusha uvimbe na kutoa chango sitazijadili kwa hasira, kwa sababu wanaozitumia wengi hupata nafuu kweli, na nafuu hiyo ina maelezo. Mwaka 2010 watafiti wa Harvard waliwapa watu wenye IBS vidonge visivyo na dawa yoyote ndani, wakawaambia wazi kwamba havina dawa. Baada ya wiki tatu, asilimia 59 walisema wamepata nafuu ya kuridhisha, dhidi ya asilimia 35 ya wale ambao hawakupewa kitu. Kutunzwa na kusikilizwa kunautuliza utumbo huu, na mganga wa Ujiji anayemkalisha mteja nusu saa akimuuliza habari za ndoa yake anafanya jambo ambalo foleni ya hospitali haiwezi. Kwa faibroidi, vivyo hivyo, ushuhuda una maelezo: utafiti wa 2008 uliofuatilia faibroidi 262 kwa wanawake 72 ulikuta nyingine zinakua, nyingine zinanywea zenyewe, hata ndani ya kizazi kimoja. Aliyekunywa mizizi mwezi ambao uvimbe wake ulikuwa unapungua atashuhudia mpaka redioni. Shida inakuja kwa anayevuja damu. Huyo nafuu ya maneno haimwongezei damu, na mwaka mmoja wa chupa za dawa unaweza kumfikisha wodini akihitaji kuongezewa.

Kwenye chakula nitakwenda haraka. Vinavyochokoza utumbo wa IBS ni sukari zinazochacha tumboni, na orodha yake ni kama imeandikwa na mtu mwenye kinyongo na kanda hii: maharage ya Kibondo, vitunguu vya aina zote mbili, maembe, asali ya Tabora, maziwa, chapati na mandazi. Wali, samaki, mayai, karoti na ugali wa mahindi havina matata kwa wengi. Usiache vyote kwa pamoja, utadhoofika, hasa kama damu yako tayari ni kidogo. Punguza kwa wiki nne hadi sita, kisha rudisha kimoja kimoja uone kipi kinakukataa.

Na kuna amitriptilini. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2023, wagonjwa 463, ulionyesha kwamba kipimo kidogo cha usiku, miligramu 10 hadi 30, kinapunguza dalili za IBS. Ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Lakini mgonjwa akifika duka la dawa anaambiwa "dada, hii ni ya wagonjwa wa akili," na inatupwa njiani. Daktari aliyeiandika alipaswa kusema mwenyewe kwamba kwa kipimo hicho inatuliza neva za utumbo, na kwamba mdomo utakauka na usingizi utakuja mapema.

Anayeshauriwa upasuaji, iwe hospitali ya Maweni hapa Kigoma au Bugando ya Mwanza, ana haki ya kuuliza: uvimbe uko upande gani, ni dalili gani hasa itakayoondoka, na ipi itabaki. Kama anataka bado kuzaa, aulize kama unaweza kutolewa uvimbe peke yake, akijua kwamba unaweza kuota tena. Nauli ya Mwanza, siku za kulala kwa ndugu na mtaji wa dagaa utakaoliwa vinastahili majibu hayo kabla ya tiketi kukatwa.

Yote haya ni ya wanawake ambao hedhi bado inakuja. Aliyefika ukomo hesabu yake ni nyingine. Faibroidi inapaswa kunywea umri huo, kwa hiyo uvimbe unaokua, au tone la damu baada ya mwaka mzima bila hedhi, si jambo la kusubiri wiki ijayo. IBS nayo ni nadra kuanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50; mwongozo wa Uingereza unataka mwanamke wa umri huo mwenye tumbo jipya la kujaa achunguzwe saratani ya ovari kwanza. Choo chenye damu, kupungua uzito bila sababu, au kuharisha kunakokuamsha usiku, hayo hayangoji umri wowote. Bibi wa miaka sitini aliyeanza mwaka huu kulalamika kwamba anashiba kwa tonge tatu na tumbo linamjaa, huyo msimpe daftari. Mpelekeni akapigwe ultrasaundi kesho asubuhi.